Madumu matano kwa madumu mia na sitini: kisa cha maji katika mwambao wa Unguja

Katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, kaya moja ilikuwa ikitumia wastani wa lita 93 za maji kwa siku. Hayo hayatimii madumu matano ya lita ishirini, na ndani yake kuna kunywa, kupika, kufua, kuoga, kutawadha na kuogesha watoto. Kwenye vijiji hivyo hivyo, chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilifika lita 3,195, sawa na madumu mia na sitini. Hesabu hizi zilitolewa mwaka 2012 na Tourism Concern, shirika la Uingereza ambalo sasa limeshafungwa. Ripoti imezeeka, lakini uwiano ule ndio unaoeleza ugomvi wa mwambao hadi leo.

Tukizungumza habari za utalii endelevu Zanzibar, mara nyingi huzungumzwa mirija ya plastiki, mataulo yasiyofuliwa kila siku, kasa wanaorudishwa baharini na paneli za jua. Yote hayo mazuri. Ila hakuna hata moja linalomgusa mama wa Kiwengwa anayeamka alfajiri kuangalia kama bomba limetoa. Kwangu mimi, hoteli isiyopima maji inayoyavuta chini ya ardhi haistahili kuitwa endelevu, hata vyeti vijae ukutani. Na pale maji yanapofika kijijini kwa hisani ya mwekezaji, kijiji bado hakijapata maji.

Maji matamu juu ya maji ya chumvi

Ili kisa kieleweke, lazima kwanza kuelewa kisiwa chenyewe kinavyokunywa. Unguja ya magharibi ina udongo mzito na chemchemi. Ndiko Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikochukua maji ya Bububu na kuyafikisha mjini kwa mfereji. Mashariki na kaskazini hali ni nyingine kabisa. Huko ni uwanda: jiwe la matumbawe lenye matundu, udongo kiganja kimoja, na mvua ikinyesha inazama palepale bila kuacha mto wala bwawa. Watu wa pwani ile walijenga maisha yao juu ya visima vifupi na maji ya mapangoni.

Maji hayo matamu hayakukaa juu ya mwamba mkavu. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Kanuni yake inajulikana na wataalamu wa visima vya visiwani dunia nzima: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita arubaini za maji matamu chini ya usawa huo. Kanuni hiyo inafanya kazi kinyume pia. Ukivuta maji hadi usawa ule ushuke kwa nusu mita tu, chumvi kutoka chini inaweza kupanda kwa mita ishirini. Ndiyo maana kisima kilicho mbali na ufuko, kilichotumiwa na babu na bibi bila tatizo, kinaweza kugeuka ladha ndani ya misimu michache baada ya pampu kubwa kufungwa jirani. Chumvi haikutembea kutoka ufukweni. Imepanda kutoka chini ya kisima chenyewe, na kikishaharibika namna hiyo, mvua ya mwaka mmoja haitoshi kukisafisha.

Kisha kuna kalenda. Mvua za Unguja ni masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Wageni hujaa Julai na Agosti, halafu tena kuanzia Krismasi hadi Februari, katikati ya kaskazi kavu. Kwa hiyo pampu za hoteli hufanya kazi kwa nguvu zote miezi ile ile ambayo ardhi haipokei kitu.

Na wageni wameongezeka kwa kasi. Katikati ya miaka ya 1980, kabla milango ya uwekezaji haijafunguliwa, Zanzibar ilipokea watalii wasiofika ishirini elfu kwa mwaka. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 538,000, na mwaka 2024 walivuka laki saba. Wenyeji nao si wale wale: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Maji ya chini ya uwanda hayakuongezeka.

Anayekunywa zaidi ni bustani

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mtafiti Stefan Gössling alipima matumizi ya maji kwenye hoteli za pwani ya mashariki na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Wastani wa jumla ulikuwa lita 685 kwa mtalii mmoja kwa siku, wakati mwenyeji alitumia chini ya lita 50. Lakini wastani ule ulificha tofauti kubwa. Mgeni aliyelala nyumba ndogo ya wageni alitumia lita 248. Aliyelala hotelini alitumia 931.

Hizo 931 zilikwenda wapi? Si kwa mgeni kunywa, na wala si kwa kuoga peke yake. Nusu yake, kiasi cha lita 465 kwa kila mgeni, ilimwagwa bustanini. Ardhi ni mchanga juu ya jiwe, haishiki maji. Jua ni kali. Na mimea iliyopandwa haikuzoea ukame. Unamwagilia asubuhi, jioni pamekauka, unamwagilia tena. Bustani ya mgeni mmoja ilikunywa zaidi ya mara tisa ya maji anayotumia mwanakijiji kwa kila kitu chake.

Takwimu hii naiona ya maana kuliko zote za kisa hiki, kwa sababu inabadilisha swali. Kwa miaka mingi ugomvi umeelezwa kama mashindano ya kiu: mgeni anywe au mwenyeji anywe. Wakati wote ule sehemu kubwa ya maji ilikuwa inakwenda kwenye majani mabichi ya picha za matangazo. Nusu ya matumizi ya hoteli ingeweza kuondoka bila mgeni hata mmoja kukosa bafu lake. Mwambao una mimea yake isiyohitaji mpira wa maji: mikadi, mivinje, mikungu, minazi. Na panapotakiwa majani mabichi lazima, maji ya bafu na ya kunawia yakichujwa yanatosha kumwagilia. Hakuna teknolojia ngumu hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuiuliza hoteli maji yanakwenda wapi.

Ugomvi ulivyojengeka

Baada ya Mapinduzi ya 1964 maji ya bomba Zanzibar yalikuwa ya bure. Sheria ya Maji ya 2006 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, na kuleta zama za kulipia. Jambo lenyewe lilikuwa halali, maana pampu hazijiendeshi. Lakini utaratibu huo ulifika mwambaoni wakati ambapo hoteli zilikuwa zimeshajipatia maji yao kwa njia zao: visima virefu vilivyochimbwa ndani kidogo ya kijiji, mabomba binafsi hadi ufukweni, maboza yanayopakia na kushusha. Mwanakijiji akaambiwa alipie bomba linalotoa siku moja na kukauka siku mbili, huku bomba jingine, lenye maji muda wote, linapita nyuma ya nyumba yake kuelekea bwawa la kuogelea. Ripoti ya 2012 ilieleza kwamba baadhi ya hoteli ziliweka walinzi wa kulinda mabomba yao dhidi ya wanakijiji wenye hasira. Mahali ambapo bomba la maji linahitaji mlinzi, mazungumzo yameshavunjika siku nyingi.

Umeme nao ulionyesha pengo hilo. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani karibu miezi mitatu baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme wa kutoka bara. Pampu za maji zilisimama. Wenye majenereta, hoteli zikiwa mbele, waliendelea kuvuta. Wasio nayo walirudi kwenye ndoo na kamba, kwenye visima ambavyo vingi vilikuwa vimeshaanza chumvi.

Chumvi hiyo ukiwa jikoni huhitaji maabara kuipima. Sabuni haitoi povu, ikakulazimu kuongeza nyingine na nyingine. Maharage yanakula kuni hayaivi. Chai ina ladha isiyofichwa na sukari. Kaya inaanza kugawa maji yake: ya kisimani ya kufulia na kuoshea vyombo, ya kununua kwa dumu ya kunywa na kupikia. Familia yenye kipato kidogo ndiyo inayoishia kulipa bei kubwa kwa kila lita, na mtoto wa kike ndiye anayetumwa.

Katika hali hiyo ndipo inapoingia hisani. Mwekezaji anakuja kwa sheha, kiongozi wa serikali kijijini, anaomba eneo la kuchimba kisima, anaahidi kuweka bomba moja la kijiji. Kinafanyika kikao, zinapigwa makofi, panapigwa na picha. Sitaki kuwavunjia heshima wenye hoteli waliofanya hivyo kwa nia njema. Wapo, na bomba lao limewapunguzia watu safari. Lakini tazama mpango wenyewe ulivyo. Kijiji kimetoa maji yaliyo chini ya ardhi yake, kimepokea sehemu ndogo ya maji hayo hayo, kimeshukuru. Kiasi kinachovutwa hakikuandikwa popote. Pampu ikiharibika, wanakijiji wanaomba. Hoteli ikiuzwa kwa mwingine, ahadi ya mdomo haimo kwenye mkataba wa mauzo. Na sheha anayetaka kuhoji kiasi cha maji kinachochukuliwa anajikuta anamhoji mfadhili wa kijiji.

Liko pia suala la maji machafu, ambalo nalipitia kwa haraka ingawa si dogo. Jiwe lile lile linalozamisha mvua linazamisha na makaro. Shimo lisilosakafiwa vizuri, liwe la hoteli au la nyumba ya kawaida, linapeleka uchafu kwenye maji ya visima upande mmoja na kwenye bahari ya kina kifupi upande wa pili, pale ambapo kina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakilima mwani tangu mwaka 1989.

Wanaosema bila utalii hatuna kitu

Hoja ya upande wa pili nzito, na haifai kupuuzwa. Utalii hutajwa kuchangia karibu asilimia 30 ya pato la Zanzibar na sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga anga, idadi ya wageni ilianguka hadi takriban 260,000, nusu ya mwaka uliotangulia. Wapishi, madereva, wauza samaki, wenye ngalawa za kutembeza wageni na wasuka nywele wa ufukweni walijua maana yake ndani ya wiki chache. Hakuna mtu wa Nungwi mwenye akili timamu anayetaka hoteli zifungwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hilo ndilo linalodaiwa, na nusu yake ya pili ndiyo iliyosahauliwa.

Wengine husema dawa ni kupokea wageni wachache wenye fedha nyingi. Kwa upande wa takataka na msongamano huenda ni kweli. Kwa upande wa maji, takwimu za Gössling zinaonya: nyumba ndogo ya wageni, ambayo mara nyingi ndiyo mwenyeji anayoweza kuimiliki, ilitumia karibu robo tu ya maji ya hoteli kwa kila mgeni. Mgeni wa hadhi ya juu ana bwawa lake, ana bustani yake, ana shuka zinazobadilishwa kila siku. Akija bila sharti la maji, kitanda kimoja chake ni mzigo wa vitanda vinne. Akija na sharti, ndiye pia mwenye uwezo wa kuligharimia. Yote yanategemea hilo sharti.

Kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi ya mji, ndicho mfano unaotolewa kila mara. Hakina kabisa chanzo cha maji matamu. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1994 na nyumba zake za wageni zikafunguliwa 1998: mabanda saba tu, kila moja likikinga mvua kwa paa lake, likichuja na kuhifadhi kwenye tangi chini ya sakafu. Vyoo vyake havitumii maji, umeme ni wa jua, na maji ya bafu yanapitishwa kwenye vitalu vya mimea. Chumbe imethibitisha kuwa inawezekana. Lakini mabanda saba hayawezi kulinganishwa na hoteli ya vyumba mia mbili, na anayeitaja Chumbe kana kwamba ndiyo jibu la Kiwengwa anakwepa hesabu. Kinachohamishika kutoka Chumbe ni nidhamu moja: idadi ya vitanda ilipangwa kwa kuangalia maji kwanza.

Kinachoweza kufanyika

Serikali haikukaa kimya. Imekopa India zaidi ya dola milioni 90 kwa ajili ya miundombinu ya maji, na mabomba na matangi mapya yamejengwa. Nayaunga mkono. Wasiwasi wangu ni kwamba bomba kubwa likitoka katikati ya kisiwa kwenda pwani bila mita upande wa hoteli, ugomvi utahama tu: leo Kiwengwa, kesho kijiji cha ndani ambacho hakina hata ufuko wa kufaidika nao.

Kwa hiyo la kwanza ni mita kwenye kila kisima cha hoteli, kiwe cha zamani au kipya, kwa amri na si kwa hiari. Pamoja na mita, kipimo cha chumvi: ni kifaa cha kushika mkononi, kinatumbukizwa kwenye maji na kutoa jibu papo hapo, na bei yake si kitu mbele ya mapato ya chumba kimoja. Kisima kikionyesha chumvi inapanda mwezi baada ya mwezi, pampu ipunguzwe kabla hakijafa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 tayari inataka tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa kujengwa. Tathmini hiyo isipokelewe kama haikuonyesha maji yatatoka wapi mwezi wa Februari, si mwezi wa Aprili.

La pili, maji ya chini ya ardhi yasitumike kabisa kumwagilia bustani za hoteli. Hapa sioni sababu ya kusubiri utafiti mwingine.

La tatu litaleta kelele. Hoteli kubwa za ufukweni zichukue maji yao baharini. Mitambo ya kuondoa chumvi ipo, na hula takriban uniti tatu hadi nne za umeme kwa kila lita elfu moja. Hata chumba chenye kutumia lita 3,195 kingehitaji kiasi cha uniti kumi hivi kwa siku, na bustani ikitolewa kwenye hesabu zinabaki uniti tano au sita. Hoteli inayolaza mgeni kwa mamia ya dola inaweza kuzilipa. Sharti lake ni kwamba maji ya chumvi kali yanayobaki yasimwagwe karibu na mashamba ya mwani wala juu ya matumbawe, na hilo linahitaji bomba refu na ukaguzi wa kweli. Nyumba ndogo za wageni zisilazimishwe mtambo. Zibaki na mita na bei inayopanda kadiri matumizi yanavyopanda.

Bei hiyo ya ngazi iwafikie wote, ila ngazi ya kwanza, ile ya madumu ya lazima ya kaya, iwe nafuu kabisa na ilindwe kwa fedha zinazolipwa na ngazi ya juu. Hapo bomba la kijiji litakoma kuwa zawadi. Litakuwa sehemu ya mtandao wa ZAWA, na likikauka, mwanakijiji atakuwa na ofisi ya kudai na risiti ya kudaia.

Linabaki swali ambalo mipango mingi ya namna hii hufia hapo: nani asome mita. Akiisoma hoteli yenyewe, hakuna kilichobadilika. Akiisoma ofisa anayetoka mjini mara moja kwa robo mwaka, atapokelewa kwa chai. Mimi ningependekeza wasomaji wawili kwa pamoja, fundi wa ZAWA na mkazi aliyechaguliwa na shehia, mwanamke kwa upendeleo, maana yeye ndiye anayejua siku ambayo kisima kilianza kubadilika. Wasome kila mwezi, na namba mbili, lita zilizovutwa na kiwango cha chumvi, zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya sheha pamoja na jina la hoteli. Hoteli zilizo tayari kuanza sasa, bila kungoja kanuni, ziruhusiwe kufanya hivyo msimu huu, na Kamisheni ya Utalii izitangaze kwa wageni kabla ya zile zenye vyeti tu.